Mbachao na Msala Upitao: Historia ya Uamuzi wa Kuhama Mfumo Endeshi wa Kompyuta na Nafasi ya Kiswahili, kutoka Dar es Salaam hadi Kikorongo

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya swali ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi: je, shule, ofisi au duka lenye kompyuta inayotumia mfumo endeshi uliozeeka liendelee na mfumo huo, au lihamie mwingine? Kwa kutumia mkabala wa kihistoria, makala inafuatilia jinsi swali hili lilivyojitokeza Afrika Mashariki tangu miaka ya mwanzo ya 2000, kupitia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tafsiri ya Kiswahili ya Windows, na uzoefu wa Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs kilichopo Nkozi. Historia hiyo inasomwa kutoka Kikorongo, njia panda iliyo kati ya Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda. Makala inatoa hoja mbili. Kwanza, kuamua na kuhama ni matendo mawili tofauti, na historia ya Kiswahili nchini Uganda inathibitisha hilo sawa na historia ya kompyuta. Pili, mfumo endeshi unapofikia ukomo, kazi ya lugha iliyofanywa ndani yake hufikia ukomo pia, isipokuwa pale ambapo kazi hiyo ina watunzaji wake.

Maneno makuu: mfumo endeshi, programu huria, istilahi za tehama, Kiswahili nchini Uganda, Kasese

1.0 Utangulizi

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiwezesha kompyuta kuwaka, kupokea amri za mtumiaji na kuziendesha programu nyingine zote. Mtumiaji wa kawaida hauoni mfumo huu kama kitu kinachojitegemea. Kwake, mfumo ndio kompyuta yenyewe: rangi ya kioo, mahali pa kubofya, maneno yanayojitokeza anapotaka kuhifadhi faili. Kwa sababu hiyo, siku anapoambiwa kwamba mfumo wake umezeeka na hauna budi kuachwa, mtumiaji hulipokea jambo hilo kama mtu anayeambiwa ahame nyumba ambayo kuta zake bado zimesimama.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotolewa tarehe 29 Julai 2015. Mrithi wake, Windows 11, uliotolewa Oktoba 2021, unadai vipuri ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina, hasa kichakataji cha miaka ya karibuni na kifaa cha usalama kinachojulikana kama TPM 2.0. Hivyo kompyuta nyingi zinazofanya kazi vizuri zimewekwa nje ya mlango. Mwenye kompyuta ya aina hiyo ana njia nne: kubaki alipo bila ulinzi, kujiandikisha kwa masasisho ya nyongeza ya muda maalumu, kununua kompyuta mpya, au kuhamia mfumo mwingine, hususani mmojawapo wa mifumo ya jamii ya Linux.

Wahenga walikwishalitafakari swali la namna hii pande zote mbili. Walionya kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao; lakini pia walitambua kwamba kipya kinyemi, kingawa kidonda. Methali ya kwanza inampa nguvu anayetaka kubaki. Ya pili inamweleza anayetaka kuhama, na papo hapo inamtahadharisha. Makala hii haikusudii kuchagua methali moja na kuitupa nyingine. Inakusudia kuonesha kwamba swali lenyewe lina historia katika ukanda huu, na kwamba historia hiyo ni ya lugha kama ilivyo ya mashine.

2.0 Kikorongo: njia panda ya lugha na ya mitambo

Kikorongo ni mahali ambapo barabara ya kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe inaachana na barabara kuu ya Mbarara na Kasese, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth na karibu kabisa na mstari wa ikweta. Msafiri anayekwenda kaskazini hufika mji wa Kasese. Anayekata magharibi hufika Bwera, kisha Mpondwe, na akivuka mpaka hujikuta Kasindi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye njia ya kwenda Beni na Butembo.

Kwa mtafiti wa lugha, njia panda hii ina maana ya pekee. Lhukonzo, lugha ya Bakonzo, na Kinande kinachozungumzwa ng'ambo ya mpaka ni lugha ndugu ambazo wasemaji wake huelewana. Kiswahili nacho kiliingia eneo hili kwa milango kadhaa: biashara ya kuvuka mpaka na Kongo, kambi za jeshi, mgodi wa shaba wa Kilembe, na reli iliyofika Kasese mwaka 1956. Mgodi na reli viliwakusanya wafanyakazi wa lugha nyingi mahali pamoja, na palipokusanyika watu wa namna hiyo Afrika Mashariki, mara nyingi Kiswahili kilipata kazi ya kufanya.

Hata hivyo, kompyuta zilipofika hazikuzikuta lugha hizi kama zilivyo. Upande wa Uganda zilikuja na Kiingereza. Upande wa Kongo zilikuja na Kifaransa, na hata mpangilio wa herufi kwenye kibodi ukawa tofauti: kibodi ya Kiingereza huanza na herufi Q na W, ile ya Kifaransa huanza na A na Z. Mfumo wa forodha uliobuniwa chini ya Umoja wa Mataifa, ambao unatumika katika nchi zote mbili, unaitwa Asycuda upande mmoja na Sydonia upande wa pili. Mfanyabiashara anayejadiliana bei ya maharage kwa Kiswahili au Lhukonzo pale Mpondwe hukuta shehena yake ikiandikwa kwa lugha mbili ambazo huenda hazisemi hata moja kwa ufasaha. Mashine zimeugawa mpaka ambao lugha za watu huuvuka kila siku.

Eneo hili lina funzo jingine, nalo linahusu mitambo inayobaki bila mtunzaji. Reli iliyofika kwa shangwe mwaka 1956 iliacha kubeba abiria na mizigo kabla ya karne ya 20 kwisha. Uchimbaji wa shaba Kilembe ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huko Katwe, si mbali na Kikorongo, bado kuna mabaki ya kiwanda cha chumvi kilichojengwa kwa utaalamu wa Kijerumani. Mabomba yake yaliliwa na maji ya ziwa lenyewe, na kiwanda kikafa baada ya muda mfupi. Wachimba chumvi wa Katwe wanaendelea hadi leo na vijaruba vyao vya jadi, kwa sababu ujuzi wa kuvitunza umo mikononi mwao.

Mifano hii mitatu haifanani kwa sababu zake. Shaba ilishindwa na bei pamoja na siasa, reli ilishindwa na uchakavu na ushindani wa barabara, kiwanda kilishindwa na kutu. Lakini yote inaonesha jambo moja: mtambo hauishi kwa uimara wake pekee. Huishi maadamu kuna anayeutunza, na anayeutunza akiwa mbali, uhai wake huamuliwa mbali.

3.0 Umri wa mfumo na maana ya kuzeeka

Programu haichakai kama gurudumu. Windows XP iliyosakinishwa mwaka 2001 ingeweza kuwaka mwaka 2025 vilevile kama siku ya kwanza. Kinachozeeka ni uhusiano kati ya mfumo na mazingira yake. Makosa ya kiusalama hugunduliwa na hayazibwi. Vivinjari vipya vya intaneti hukataa kusakinishwa. Vichapishi vipya havitambuliwi. Tovuti za serikali na za benki hazifunguki.

Windows XP ilikoma kuhudumiwa tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Hatari ya kubaki nyuma ilidhihirika Mei 2017, pale programu haribifu iliyoitwa WannaCry iliposambaa duniani na kufunga kompyuta za taasisi nyingi, zikiwemo hospitali za huduma ya afya ya taifa ya Uingereza. Kirusi hicho kilipita kwenye ufa ambao kiraka chake kilikuwa kimekwisha kutolewa kwa mifumo iliyokuwa bado inahudumiwa. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wameweka kiraka hicho, na wale waliokuwa na mifumo ambayo haikupewa kiraka chochote mpaka madhara yalipokwisha kutokea.

Kwa mtumiaji wa Kasese au Bwera, kusasisha mfumo kuna gharama ambayo haionekani kwenye bei ya leseni. Masasisho hupakuliwa kwa intaneti, na intaneti hununuliwa kwa bando. Mwaka 2021 Uganda iliweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data za intaneti. Kompyuta ya shule yenye masasisho ya gigabaiti kadhaa humaliza bando ambalo mwalimu angelitumia mwezi mzima. Ndiyo maana kompyuta nyingi zinazohudumiwa rasmi na watengenezaji wake huwa, kwa vitendo, hazihudumiwi. Aidha, nakala zisizo na leseni zimekuwa jambo la kawaida kwa muda mrefu, ingawa Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inazilinda programu za kompyuta. Mtu mwenye nakala ya namna hiyo hajioni kama mteja wa kampuni fulani, na tangazo la ukomo wa huduma halimfikii kama habari inayomhusu.

Mashine zenyewe pia ziliingia mjadala huu. Katika bajeti ya mwaka 2009/2010 serikali ya Uganda ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta, majokofu na televisheni zilizokwisha kutumika, kwa hofu ya taka za kielektroniki. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Hata hivyo, shule na maduka madogo yalikuwa yakizitegemea kompyuta hizo hizo. Hapo panaonekana kiini cha tatizo: kila mfumo mpya unaodai vipuri vipya huzalisha taka mahali fulani na uhaba mahali pengine.

4.0 Mwaka 2004: njia mbili za Kiswahili kuingia katika kompyuta

Mwaka 2004 una nafasi ya pekee katika historia ya Kiswahili na kompyuta. Katika mwaka huo huo njia mbili zilifunguliwa, na zilitofautiana si kwa istilahi tu bali kwa fikra.

Njia ya kwanza ilikuwa Kilinux. Jina hilo liliundwa kwa kuunganisha Kiswahili na Linux. Watafiti wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wabia wao wa Sweden, waliandaa faharasa ya istilahi na kuitafsiri programu huria ya ofisi iliyojulikana kama OpenOffice. Toleo la Kiswahili lilipewa jina la Jambo OpenOffice na kutolewa mwaka huo. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kuibadili na kuigawa. Kwa hiyo mtafsiri hakuhitaji kibali cha mwenye programu, wala hakusubiri kampuni ipige hesabu ya soko la Waswahili.

Njia ya pili ilikuwa ya Microsoft, ambayo katikati ya mwaka 2004 ilitangaza mpango wa kutafsiri Windows na Office kwa Kiswahili kwa msaada wa wataalamu wa lugha kutoka Afrika Mashariki. Matokeo yake yalikuwa kifurushi cha lugha kilichopachikwa juu ya mfumo wa Kiingereza, nacho kilitengenezwa tena kwa matoleo yaliyofuata, yakiwemo Windows 7 na Windows 10. Katika orodha ya lugha za mfumo huo, Kiswahili kilisajiliwa kwa muda mrefu kama Kiswahili cha Kenya. Mtanzania na Mganda aliyekitaka alilazimika kukichagua chini ya jina la jirani.

Wanaistilahi walikabiliana na swali la zamani: jina lipi? Kompyuta yenyewe ilikuwa imekwisha kupewa majina matatu: kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kifaa cha kuelekezea kiliitwa kipanya na wengine, puku na wengine. Kibodi ilishindana na baobonye na kicharazio. Baadhi ya wahakiki waliuona wingi huu kama udhaifu. Lakini wingi wa majina si jambo geni katika lugha inayozungumzwa na watu wa nchi nyingi, na matumizi huchuja yenyewe yakipewa nafasi.

Tatizo lilikuwa hiyo nafasi. Istilahi hukomaa inapotumika mbele ya macho ya watu kila siku, na kifurushi cha lugha kilidai hatua ambazo watumiaji wengi hawakuzijua: kukitafuta, kukipakua na kukisakinisha. Mfumo wenyewe uliwaka kwa Kiingereza. Kwa mtumiaji aliyejifunzia kompyuta kwa Kiingereza, neno "eneokazi" lilionekana geni kuliko neno la kigeni lenyewe. Hivyo ikatokea kinyume cha matarajio: Kiswahili kikawa mgeni ndani ya mashine za Waswahili.

Njia ya programu huria nayo haikuwa nyeupe. Msimbo wazi hauna ukomo wa huduma kwa tangazo la kampuni, lakini una ukomo wa namna nyingine: watafsiri wanapoondoka, programu husonga mbele na kuiacha tafsiri nyuma. Kila toleo jipya huongeza menyu mpya na sentensi mpya za kutafsiriwa. Mwaka 2010 jumuiya ya OpenOffice iligawanyika na LibreOffice ikazaliwa. Jambo OpenOffice ya mwaka 2004 ilikuwa imefungamana na toleo la wakati wake. Mradi una mwanzo na mwisho wa fedha. Tafsiri ya programu haina mwisho. Hapa ndipo funzo la reli ya Kasese linapojirudia katika umbo jingine.

5.0 Nkozi: uamuzi wa kuhama na gharama zake

Uganda ina mfano wake. Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs, kilichoanzishwa mwaka 1993 huko Nkozi, kiliamua katika miaka ya mwanzo ya 2000 kuachana hatua kwa hatua na programu za leseni na kuhamia programu huria. Mhadhiri Victor van Reijswoud na wenzake waliandika kuhusu zoezi hilo, na maandishi yao yakaifanya Nkozi kuwa rejea ya kawaida katika mijadala ya programu huria barani Afrika.

Sababu zilizotolewa zilieleweka: gharama za leseni, usumbufu wa virusi, na haja ya chuo kujenga ujuzi wake badala ya kuununua. Utekelezaji ulifuata ngazi. Kuhama seva ni kazi ya mafundi wachache, na mtumiaji anaweza asijue kwamba kuna kilichobadilika. Kuhama kompyuta za mezani ni jambo jingine, kwa sababu linagusa mazoea ya kila mtu: katibu anayejua mahali kila kitufe kilipo, mhasibu mwenye majedwali ya miaka mingi, mhadhiri anayepokea nyaraka kutoka nje ya chuo na kuziona zimevurugika mpangilio.

Funzo la Nkozi ni kwamba upinzani wa watumiaji si ujinga. Katibu anayekataa mfumo mpya anatetea ujuzi alioupata kwa jasho. Ujuzi huo ni mali, na mpango wa kuhama usioithamini mali hiyo hushindwa. Mafunzo yanapotangulia, na programu za kati, kama vile kivinjari na programu ya uandishi, zinapozoeleka kwanza juu ya mfumo wa zamani, hatua ya mwisho huwa fupi.

Ulimwengu mpana unatoa ushahidi unaolingana na huo. Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuhamishia kompyuta zake kwenye Linux, ukahamisha takribani kompyuta 15,000, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura ya kurejea Windows. Munich haikukosa fedha, umeme wala intaneti. Kilichotetereka ni utashi wa kisiasa pamoja na uvumilivu wa watumiaji. Ikiwa mji wenye uwezo kama huo uliweza kwenda na kurudi, shule ya kando ya barabara ya Bwera haipaswi kulaumiwa kwa kusita.

6.0 Mwaka 2005: uamuzi bila usakinishaji

Wakati Kilinux na Microsoft wakitafsiri, Uganda ilikuwa ikifanya uamuzi wake kuhusu Kiswahili. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Huo haukuwa uamuzi wa kwanza. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala, naye Kabaka Daudi Chwa akapinga waziwazi mwaka 1929. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Katiba ya mwaka 1995 ilikitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kisha ukaja mwaka 2005.

Kila mara uamuzi ulitolewa. Mara nyingi usakinishaji haukufuata. Ilichukua hadi Septemba 2019 baraza la mawaziri kuridhia kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili, na hadi Julai 2022 kuridhia Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika miaka miwili ya mwanzo, ilhali tehama ikawekwa katika masomo ya kuchagua.

Ulinganisho huu si wa mapambo. Lugha ya taifa na mfumo endeshi vinafanana katika jambo moja la msingi: vyote ni miundombinu ambayo watu hufanyia mambo mengine. Havibadilishwi kwa tamko. Hubadilishwa kwa walimu, vitabu, mitihani, na muda ambao mtu anaruhusiwa kukosea bila kuadhibiwa. Uganda ilikuwa na Kiswahili rasmi mwaka 2005 na kompyuta zenye uwezo wa kusema Kiswahili katika miaka hiyo hiyo. Vitu hivyo viwili vilipita sambamba bila kukutana. Kupitia mfuko wa mawasiliano vijijini wa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, maabara za kompyuta zilisambazwa katika mamia ya shule za sekondari, na mfumo wa Kiingereza ukaja umekwisha kusakinishwa.

7.0 Kubaki au kuhama: swali lilivyo Kikorongo leo

Kwa kuzingatia historia hii, swali la mwaka 2025 linaweza kupimwa upya. Chukua maabara ya shule ya sekondari yenye kompyuta za miaka kumi, zote zikitumia Windows 10, ambazo haziwezi kupokea Windows 11. Kununua mpya ni nje ya bajeti. Kujiandikisha kwa masasisho ya nyongeza ni kununua muda tu. Kwa hiyo mizani halisi ina pande mbili: kubaki au Linux.

Anayetaka kubaki ana hoja tatu zenye uzito. Ya kwanza ni mtihani. Wanafunzi wa tehama hupimwa kwa vitendo, na walimu wao wamezoea programu za Microsoft. Ya pili ni fundi. Mjini Kasese na Bwera ni rahisi zaidi kumpata fundi anayeijua Windows kuliko anayeijua Linux. Ya tatu ni mawasiliano: nyaraka za wilaya, za wizara na za wafadhili huja katika umbizo la Microsoft.

Anayetaka kuhama naye ana zake. Kompyuta isiyo na intaneti inaweza kubaki na mfumo wa zamani kwa usalama wa kiasi, lakini virusi vinavyobebwa na diski mweko kutoka duka la uchapaji hadi maabara haviulizi kama intaneti ipo. Linux hukubali vipuri vya zamani. Haidai leseni, hivyo shule haimfundishi mwanafunzi uraia wakati inavunja sheria ya hakimiliki. Na inaweza kunakiliwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila bando. Ikumbukwe kwamba Ubuntu, toleo la Linux lililoanza Oktoba 2004 na kuchukua jina lake kutoka neno la Kibantu lenye maana ya utu, lilitumwa kwa miaka kadhaa bila malipo kwenye diski hadi mlangoni kwa aliyeomba, mpaka huduma hiyo iliposimamishwa mwaka 2011. Watengenezaji wake walikuwa wameelewa kwamba katika sehemu nyingi za dunia njia nyembamba kuliko zote ni ile ya intaneti.

Hoja ya lugha haijawekwa kwenye mizani bado, nayo ndiyo inayowahusu wanataaluma wa Kiswahili. Katika mfumo wa kampuni, uamuzi wa kuitia lugha ni wa kampuni. Kiswahili kimebahatika kwa sababu wasemaji wake ni wengi. Lhukonzo hakina bahati hiyo. Hata katika hifadhidata ya kimataifa ya CLDR, inayozipa kompyuta majina ya miezi, siku na sarafu kwa kila lugha, Luganda, Runyankore, Rukiga na Lusoga vimo. Kiswahili kimo, pamoja na sura zake za Uganda na Kongo. Kwa Lhukonzo mlango uliopo ni ule wa msimbo wazi: wasemaji wake wanaweza kujitafsiria bila kusubiri mtu awahesabu kama soko.

Mlango huo, hata hivyo, haujifungui. Utahitaji watu watakaotafsiri leo, na watu watakaotafsiri tena mwaka kesho toleo jipya litakapotoka. Bila wao, kuhamia Linux kutakuwa kuhama kutoka Kiingereza cha kampuni kwenda Kiingereza cha jumuiya.

Kutokana na hayo, uamuzi unaoelekea kufaa si wa kurukia. Shule inaweza kuanza na programu huria za ofisi na kivinjari huria juu ya Windows iliyopo, kama funzo la Nkozi linavyoelekeza. Inaweza kutenga kompyuta chache za Linux kwa walimu wawili au watatu walio tayari, hao ndio watakaokuwa mafundi wa kesho. Kompyuta zinazobaki na Windows 10 zinaweza kuondolewa kwenye intaneti na kutumiwa kwa kuandika na kuchapisha tu. Na lugha ya kiolesura ichaguliwe kwa makusudi: mwanafunzi anayejifunza Kiswahili kama somo la lazima asubuhi akutane nacho kwenye menyu ya kompyuta mchana. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa tehama, ambao mtaala umewaweka vyumba tofauti, wangekuwa na kazi moja.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba swali la kuhama au kutohama mfumo endeshi uliozeeka lina zaidi ya miaka ishirini katika Afrika Mashariki, na kwamba Kiswahili kimekuwa ndani yake tangu mwanzo. Mwaka 2004 ulikipa Kiswahili njia mbili za kuingia katika kompyuta. Njia ya kampuni ilikuwa na fedha na mwendelezo, lakini ufunguo wake ulikuwa mbali. Njia ya programu huria ilikuwa na ufunguo wazi, lakini watunzaji wake wakawa wachache. Nkozi ilionesha kwamba kuhama kunawezekana pale ujuzi wa watumiaji unapoheshimiwa, na Munich ikaonesha kwamba hata waliokwisha kuhama wanaweza kurudi.

Methali ya mbacha na msala kwa kawaida husomwa kama onyo dhidi ya tamaa ya kipya. Katika muktadha huu ina maana ya ndani zaidi. Msala upitao ni mkeka wa mtu mwingine. Mwenyewe anaupitisha, na saa yoyote ataukunja aende nao. Windows 10 nayo imekunjwa na mwenyewe. Mbacha, ukiukuu wake wote, ni wa mwenye nyumba, naye anajua namna ya kuusuka upya. Swali la Kikorongo, basi, linaanzia kabla ya uchaguzi wa mfumo: ni mkeka upi ambao watu wa Kasese na Bwera wanaweza kuusuka wenyewe pale unapotoboka? Wachimba chumvi wa Katwe walikwisha kulijibu swali hilo kwa namna yao. Vyama na vyuo vya Kiswahili katika ukanda huu vina wajibu wa kulijibu kwa upande wa lugha, kwa kuifanya tafsiri ya programu kuwa kazi ya kudumu ya idara zao, yenye walimu, wanafunzi na bajeti ya kila mwaka, badala ya mradi unaokufa siku fedha zake zinapokwisha.